Umeandikiwa dawa ya virusi: hatua za kufuata tangu kipimo hadi kidonge cha mwisho

Msimu wa mafua ukifika, katika maduka ya dawa ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni ombi linalosikika zaidi ni la amoksilini. "Dada, nipe za elfu moja, kifua kimebana." Vidonge vinahesabiwa, vinafungwa, mteja anapanda baiskeli yake na kuondoka. Mafua hayo yameletwa na kirusi, na amoksilini ni dawa ya bakteria. Kwa kirusi haina kazi yoyote. Mtaa huohuo yupo mzee mwenye mkanda wa jeshi anayepakwa dawa ya meno mgongoni, wakati dawa ya virusi ingemsaidia sana kama angeletwa siku ya kwanza au ya pili. Yupo pia kijana aliyeacha vidonge vyake vya VVU kwa sababu amenawiri na anajiona mzima.

Natoa dawa hapa Tanga, na watu hawa nawaona. Huwa nawaeleza jambo moja: dawa nyingi za virusi hazikiui kirusi, zinakizuia kuzaliana. Ukilishika hilo, masharti yote mengine utayaelewa: kwa nini kuwahi, kwa nini saa ileile, kwa nini usiache hata ukipona machoni pa watu. Mwongozo huu unafuata njia ya mgonjwa tangu anapopimwa. Daktari wako anakujua wewe na mwili wako. Hapa nakupa maswali ya kwenda nayo kwake na sababu za maelekezo utakayopewa.

Hatua ya 1: Pata jina la ugonjwa kabla ya jina la dawa

Antibayotiki moja inaweza kutibu bakteria wa kidonda, wa kifua na wa mkojo. Dawa ya virusi haina upana huo. Karibu kila moja imetengenezwa kwa ajili ya kirusi kimoja au ukoo mmoja wa virusi. Asiklovia ni ya ukoo wa malengelenge: ya mdomoni, ya sehemu za siri, tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Oseltamivia ni ya influenza, yale mafua makali yanayomlaza mtu kitandani. Sofosbuvia ni ya homa ya ini C. Mwenye VVU hawezi kutegemea asiklovia kumtibu VVU, na mwenye homa ya ini hawezi kuazima dawa ya mafua.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ukiwa mbele ya daktari liwe hili: kipimo kimeonyesha nini? Kwetu pwani homa ina milango mingi. Malaria ipo, na hiyo inaletwa na kimelea, tena ina dawa zake. Kipimo cha malaria kikitoka bila kuonyesha kitu, watu huvunjika moyo, wengine hununua dawa ya malaria hivyohivyo "kwa usalama." Rudi kwa daktari uulize kuhusu dengue. Mwaka 2019 dengue ililipuka Dar es Salaam na hapa Tanga, na mbu wake anauma mchana, akizaliana kwenye madumu, matairi na vifuu vilivyotuama maji uani.

Dengue haina dawa ya virusi. Tiba yake ni maji ya kutosha, mapumziko na parasetamoli kwa homa na maumivu. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki ziweke mbali kabisa, maana ugonjwa huu unaweza kusababisha kutokwa na damu na dawa hizo zinaongeza hatari hiyo. Kinachowakosesha watu umakini ni kwamba hatari kubwa mara nyingi inakuja homa inaposhuka, wakati ndugu wameshaanza kushukuru. Tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, au akalegea na kuwa na wasiwasi usio wa kawaida, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Chikungunya nayo haina dawa ya virusi. Mafua ya kawaida vilevile. Macho mekundu ya virusi, yaliyosumbua watu nchini mwanzoni mwa mwaka 2024, huisha yenyewe kwa usafi na subira, na kumwagia jicho majani ya chai au maji ya kitu chochote kisichotoka hospitali ni kulitafutia upofu. Surua haina dawa ya virusi, ila mtoto hupewa vitamini A kwa dozi maalumu hospitalini, na inamlinda macho na uhai. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina dawa. Hapo uhai uko kwenye kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 mara tu mtu anapong'atwa, kisha kuwahi chanjo siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na mnamjua.

Kuambiwa "kirusi hiki hakina dawa yake" si kufukuzwa. Daktari aliyekwambia hivyo na kukupa parasetamoli na maelekezo amekutibu sawasawa, na amekuepusha na kumeza antibayotiki ambazo zingewafundisha bakteria wa mwilini mwako kuzizoea.

Hatua ya 2: Elewa kidonge kinafanya nini ndani yako

Kirusi hakina jiko lake. Kinaingia ndani ya seli ya mtu, kinateka jiko la humo na kuwalazimisha wapishi wapike nakala za kirusi badala ya chakula cha nyumba. Hapo ndipo palipowasumbua watafiti kwa miaka mingi: vyombo vingi ambavyo kirusi kinatumia ni vyako, na ukivivunja unajiumiza mwenyewe. Ilibidi watafute vile vichache ambavyo kirusi kinakuja navyo.

Asiklovia ni mfano mzuri mno. Unaimeza ikiwa imelala. Kinachoiamsha ni kimeng'enya kinachotengenezwa na kirusi cha malengelenge, kwa hiyo ndani ya seli isiyo na kirusi dawa inapita karibu bila kugusa kitu. Ndani ya seli iliyotekwa inaamka, inajifanya kipande cha kujengea DNA (maandishi ya maelekezo ya kirusi), kirusi kinakichukua, na mnyororo wake unakatikia hapo. Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani ambaye kazi yake ilifungua njia hii ya kutengeneza dawa, alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1988.

Kwa VVU, kidonge ambacho wengi wetu tunakitoa sasa ni TLD, dawa 3 ndani ya kidonge kimoja: tenofovia, lamivudini na dolutegravia. VVU vinapoingia kwenye seli hubeba maelekezo yao katika RNA, ndugu wa DNA, na lazima viyageuze kuwa DNA. Tenofovia na lamivudini hukwamisha kazi hiyo. Vikifanikiwa kupita, vinatakiwa kuipachika DNA hiyo ndani ya DNA ya mtu. Dolutegravia huziba hapo. Mnaouliza kwa nini dawa 3 wakati ugonjwa ni mmoja, jibu liko kwenye hesabu: kwa mtu asiyetibiwa VVU hutengeneza mabilioni ya nakala kila siku, na vinakosea sana vinapojinakili. Nakala iliyokosewa kwa namna ya kuikwepa dawa moja hutokea kwa urahisi. Ya kuzikwepa zote 3 kwa mpigo ni vigumu mno kupatikana, alimradi dawa zipo kwenye damu muda wote.

Sasa swali ninaloulizwa na karibu kila mtu anayeanza: mbona homa ya ini C inapona na VVU havipi nafasi hiyo? Kwa sababu ya maficho. VVU vikishajipachika kwenye DNA, baadhi ya seli hizo hulala miaka mingi bila kutengeneza chochote, na dawa inayozuia uzalishaji haina cha kuzuia ndani ya seli iliyolala. Dawa ikiondoka, seli chache zinaamka na moto unawaka upya. Kirusi cha homa ya ini B nacho huweka pete ndogo ya DNA ndani kabisa ya kiini cha seli za ini. Tenofovia inazuia nakala mpya, pete inabaki. Malengelenge hujificha kwenye neva, ndiyo maana asiklovia huondoa mlipuko wa leo na mwakani ukaja mwingine. Homa ya ini C haina maficho ya namna hiyo. Ukiizuia kuzaliana kwa wiki 12 mfululizo, kwa mfano kwa sofosbuvia na daklatasvia, inaisha, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaomaliza dozi hupona kabisa. Ni habari njema ambayo haijawafikia wengi, hasa vijana waliowahi kuchangia sindano, na ningependa wote wapimwe.

Hatua ya 3: Wahi, maana saa zinahesabika

Kwa kuwa dawa inazuia kuzaliana, faida yake ni kubwa kirusi kikiwa bado kinaongezeka. Kikishamaliza kuzagaa, unachougua ni uharibifu kilioacha, na dawa ina kidogo cha kufanya.

Mkanda wa jeshi: anza asiklovia ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Vipele vikiwa karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, hiyo ni dharura ya macho. Maumivu ya kuunguza yanaweza kubaki miezi baada ya vipele kukauka, hasa kwa wazee, kwa hiyo msimchukulie bibi kuwa anadeka. Na kijana akipata mkanda wa jeshi, apime VVU. Namwambia kila mmoja hivyo bila kumhukumu, kwa sababu kinga ikishuka ndipo kirusi kilicholala tangu tetekuwanga ya utotoni kinapopata nafasi.

Tetekuwanga kwa mtoto mwenye afya kwa kawaida haihitaji asiklovia. Mpunguze kucha, mpe parasetamoli, usimpe asprini hata kidogo, kwani asprini kwa mtoto mwenye tetekuwanga au influenza inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Mtu mzima, mjamzito, au mwenye kinga ndogo akiipata, huyo aende hospitali mapema.

Influenza: oseltamivia inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48, na inawafaa hasa wajawazito, wazee na wenye maradhi sugu. Usiitarajie kwenye kila duka la mtaani.

Kujikinga baada ya hatari ya VVU, kama kuchomwa na sindano iliyotumika, kubakwa, au kondomu kupasuka: dawa ianze ndani ya saa 72, na saa za mwanzo ni bora kuliko za mwisho, kisha imezwe siku 28 bila kukatiza. Zipo hospitalini, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na vituo vya afya. Aliyefanyiwa ukatili aanzie hospitali. Dawa ianze, PF3 (fomu ya polisi) na mengine yafuate. Mzazi, shangazi, jirani, yeyote aliyeambiwa kwanza na mtoto au binti, jukumu la kumfikisha siku hiyohiyo ni lako.

Hatua ya 4: Mimina mfuko wako wote mezani

Mtoa dawa akikuuliza unatumia nini kingine, mtajie hata visivyo na jina. Nitakaa kidogo hapa, kwa kuwa watu wengi wanameza dawa nzuri ya virusi kila siku huku kitu kingine kinaizuia isiingie mwilini.

Dolutegravia inakamatwa tumboni na madini. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia na dawa za maji za tumbo zenye magnesiamu au aluminiamu huishika ikapita na choo. Ukizihitaji, meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Omeprazoli haina shida hiyo. Mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, ana njia mbili: ameze vyote pamoja na chakula, au atenganishe kwa saa zilezile. Akivimeza pamoja akiwa na njaa, dawa inapotea.

Dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini humaliza dolutegravia haraka mwilini, kwa hiyo mgonjwa huongezewa kidonge cha dolutegravia miligramu 50, saa 12 baada ya TLD. Ukitibiwa kifua kikuu na hukuongezewa, uliza. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini nazo huipunguza. Metformini ya kisukari inapanda kwenye damu ukiwa kwenye dolutegravia, hivyo kwa kawaida haizidishwi miligramu 1000 kwa siku. Mama mwenye kijiti cha uzazi wa mpango anayetumia efavirenzi, dawa nyingine ya VVU, ajue kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu ya kijiti. Kwenye dolutegravia hakuna tatizo hilo.

Halafu diklofenaki. Wabeba mizigo, mafundi na wavuvi wetu wanaimeza au kuchomwa kila mgongo unapouma. Tenofovia hupita kwenye figo, na diklofenaki za mara kwa mara zinazibana figo hizohizo. Mtu wa TLD au wa tenofovia ya homa ya ini atumie parasetamoli, na maumivu yasipoisha aonane na daktari.

Kuhusu miti shamba sitamtukana mtu wala babu yake. Ninachoomba ni kuambiwa. Chupa ya mizizi haina maandishi ya kuonyesha kilichomo wala kiasi, na baadhi ya mitishamba huumiza ini na figo, viungo vilevile vinavyoshughulika na dawa yako. Macho yakigeuka manjano na sijui ulikunywa nini, nitaanza kuilaumu dawa isiyo na kosa.

Kabla ya kuanza au kubadilisha dawa za VVU, uliza pia kama umepimwa homa ya ini B. Tenofovia na lamivudini hutibu zote mbili kwa pamoja. Mwenye zote mbili akibadilishiwa dawa bila mtu kulijua hilo, VVU vinaweza kutulia huku ini likiwaka.

Hatua ya 5: Tafuta saa yako na uitetee

TLD inamezwa mara moja kwa siku, na chakula au bila chakula, saa yoyote utakayoweza kuishika. Ifunge kwenye jambo usilolikosa: sala ya isha, taarifa ya habari, chai ya asubuhi. Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia sana, ruka kile ulichosahau uendelee na ratiba. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Ramadhani haina mgongano na kidonge cha mara moja kwa siku. Anayemeza mchana ahamie futari au daku, na afanye hivyo kabla mwezi haujaandama, kwa kuongea na kliniki yake, ili azoee. Mgongano upo kwenye asiklovia ya mara 5 kwa siku: ratiba hiyo haitoshei kati ya futari na daku. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye, na sioni sababu ya mtu kuhatarisha jicho au neva zake wakati dini yenyewe imemfungulia mlango.

Wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, na wafanyabiashara wa kwenda Pemba, Mombasa au Dar es Salaam, huwa ndio wanaokatikiwa dawa. Waambieni CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, tarehe za safari mapema. Aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi 3 au 6 kwa mara moja. Beba kadi yako ya kliniki. Ukikwama mbali, ionyeshe kwenye CTC ya karibu wakupe za kukufikisha. Ndani ya chombo, kopo likae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na maji ya chumvi na mbali na injini. Dawa nyingi hizi zinataka zikae chini ya nyuzi 30, na joto la Tanga la Februari chini ya bati linazidi hapo, kwa hiyo hata nyumbani usiziweke juu ya kabati karibu na paa. Usiondoe kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na vidonge vibaki kwenye kopo lake. Najua wengine wanavihamisha ili kopo lisitambulike na wageni. Kama hilo ndilo linalokusumbua, bandua karatasi ya nje, ukishaandika jina la dawa na tarehe ya kuisha mahali pako pa siri.

Watoto wanapewa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji safi, na dozi inafuata uzito. Mtoto anakua haraka. Apimwe uzito kila anapokwenda kliniki, na bibi anayemlea aelekezwe yeye mwenyewe, maana ndiye anayeshika kikombe.

Hatua ya 6: Yajue maudhi, utofautishe ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Hofu nyingi za leo zimetokana na dawa za jana. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za VVU (ARV) bure mwaka 2004, stavudini ilikuwa miongoni mwa zilizotumika sana. Iliokoa maisha, lakini iliwafyonza watu mashavu na kuwaachia ganzi na moto miguuni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe taratibu, na kidonge unachopewa leo hakina stavudini. Shangazi anayekwambia "hizo dawa zitakukausha uso" anasema alichokiona kwa macho yake. Mwambie kwa upole kwamba dawa zimebadilika.

Ukianza TLD, wiki chache za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, kuharisha kidogo au usingizi kukatika. Mara nyingi hupungua yenyewe. Usingizi ukisumbua, hamishia kidonge asubuhi. Kichefuchefu kikisumbua, meza baada ya kula. Wengine huongezeka uzito, na wachache sukari hupanda. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara ni sababu ya kupima sukari. Figo hupimwa kwa kipimo cha damu, hasa kwa wenye shinikizo la damu, kisukari, au umri mkubwa. Efavirenzi huleta ndoto nzito na kizunguzungu. Zidovudini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya VVU kuidhinishwa Marekani mwaka 1987 na ambayo bado ina nafasi yake, inaweza kupunguza damu, hivyo uchovu na weupe wa viganja vichunguzwe.

Asiklovia ni dawa tulivu, ila inataka maji. Ukimeza nyingi huku umekauka mwili, inaweza kuganda kama chembe ndani ya figo. Kunywa maji mara kwa mara mchana kutwa. Kwa wazee wenye figo dhaifu kuna jambo ambalo nataka kila familia ilijue: dawa ikijikusanya mwilini mzee anaweza kuanza kuropoka, kutetemeka au kuona vitu visivyokuwepo. Nyumba nyingi hapa zitasema kapandisha, na mganga ataitwa kabla ya daktari. Mrudisheni hospitali na dawa zake mkononi. Dozi ikisimamishwa na maji yakiongezwa, kwa kawaida akili inarudi.

Yanayohitaji hospitali bila kungoja kesho ni haya: upele unaosambaa pamoja na homa, vidonda mdomoni au ngozi kubambuka; uso au ulimi kuvimba na pumzi kubana; macho ya manjano na mkojo wa rangi ya chai; mkojo kupungua sana; kuchanganyikiwa. Nevirapini na abakavia, dawa nyingine za VVU, ndizo zinazojulikana zaidi kwa mzio mkali, na aliyewahi kupata mzio wa abakavia asiimeze tena maisha yake yote, hata kidonge kimoja cha kujaribu. Andika jina la dawa iliyokudhuru ndani ya daftari lako la matibabu, na mwombe mhudumu aijulishe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa hizo ndizo zinazowezesha dawa mbaya kuondolewa.

Hatua ya 7: Usiiache kwa uamuzi wako peke yako

Ukiacha dawa za VVU, kwa kawaida virusi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache, wakati bado unajisikia mzima kabisa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba iliyosemekana kuponya, na wapo walioweka ARV chini baada ya hapo. Walijiona wamepona. Kirusi kilikuwa kinaamka.

Kumeza leo na kuruka kesho kuna hatari ya aina yake: dawa inakuwepo kidogo, kirusi kinazaliana mbele yake, na nakala inayoikwepa ndiyo inayoshinda na kuongezeka. Hapo unaingia kwenye dawa za mstari wa pili, zenye vidonge vingi na maudhi zaidi.

Kipimo cha kukuonyesha ukweli ni cha wingi wa virusi. Kwa kawaida hufanyika miezi 6 baada ya kuanza, kisha walau mara moja kwa mwaka. Kikitoka juu ya nakala 1000 kwa mililita, utakaa na mshauri muangalie kinachokukwamisha, na kipimo kirudiwe baada ya miezi 3. Kikionyesha virusi havigunduliki na ukaendelea hivyo, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana. Nimewaona wanandoa wakilia kwa furaha wakilisikia hilo. Kwa mama anayenyonyesha hatari inashuka sana ingawa haifiki sifuri, kwa hiyo mtoto apewe dawa yake ya kinga na apimwe kuanzia wiki 6 kama alivyoelekezwa.

Tenofovia ya homa ya ini B nayo isikatizwe kimyakimya. Ini linaweza kuwaka kwa ghafla baada ya dawa kuondoka, na wengine hufikia ini kushindwa kazi. Watoto wako wapate chanjo yake ndani ya ile ya wiki 6, 10 na 14, na mwenzi wako apimwe na kuchanjwa.

Kama tayari umeacha, rudi. Usitunge hadithi ya dawa zilizoibiwa. Sema umeacha tangu lini na kwa sababu gani, kwa maana tarehe hiyo inatusaidia kuamua vipimo. Ikiwa ulipokelewa vibaya mahali fulani, omba kuhamishiwa kliniki nyingine. Ni haki yako, na faili lako linahamishwa pamoja nawe.

Na asiklovia zilizobaki baada ya daktari kukubadilishia, au vidonge vya mgonjwa aliyefariki, visikae kwenye droo kusubiri jirani mwenye vipele. Virudishe hospitali au famasi ulikovichukua, waviteketeze kwa utaratibu wao. Usivitupe chooni wala jalalani ambako watoto wanaokota.